Wanaohesabu Wagonjwa Ili Wengine Wasiugue

 

Tarehe 1 Juni 2018, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapa Meru, katika Uwanja wa Kinoru. Miaka mitano baadaye, tarehe iyo hiyo ya mwaka 2023, zamu ikawa ya Embu. Sasa tazama kalenda. Siku moja kabla ya Madaraka, yaani 31 Mei, ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Mwaka huo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linawahimiza wakulima walime chakula, waache tumbaku. Embu ina wakulima wa tumbaku kule Mbeere, na ndiyo iliyopokea wageni wa taifa zima kesho yake. Tangu 1963 viongozi wetu wanatukumbusha kila Madaraka kwamba tuna maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Kwenye tumbaku wote watatu utawakuta.

Ninachotaka kuzungumzia leo ni watu wanaopigana na maradhi hayo bila bunduki wala jukwaa. Ukimwuliza kijana yeyote wa Nkubu au Runyenjes akutajie wanariadha watano wa Kenya, atakutajia kumi. Mwulize sasa jina la mtafiti mmoja Mkenya anayezuia saratani, uone kama hatakuangalia tu. Si kosa la kijana huyo. Sisi wa redio, walimu, wazazi na viongozi hatujawahi kumtajia hata mmoja. Leo nitawataja kwa majina.

Nianze na Geoffrey Mutuma na Anne Korir, wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI. Mwaka 2001 ilianzishwa pale Rejista ya Saratani ya Nairobi. Ya Eldoret ilikuwa imetangulia, mwaka 1999. Mwaka 2015 Korir, Mutuma na wenzao walichapisha hesabu ya saratani Nairobi kuanzia 2004 hadi 2008. Huenda ukajiuliza, kuhesabu wagonjwa nako kuna ushujaa gani? Ngoja nikueleze kazi yenyewe ilivyo.

Karani wa rejista anaingia katika maabara ya hospitali, anafungua majibu ya vipimo vya nyama zilizokatwa kwa wagonjwa, moja baada ya jingine. Kisha anakwenda wodini, kliniki ya saratani, hospisi, na kwenye karatasi za vifo. Mgonjwa mmoja anaweza kuonekana mara nne, kila mahali jina lake likiwa limeandikwa tofauti: hapa Kinoti, pale Kinyoti, kwingine jina la ubatizo peke yake. Karani lazima ajue kwamba hao wanne ni mtu mmoja. Halafu kuna swali la nyumbani. Mama wa Chuka anapelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, anaandikisha anwani ya mwanawe wa Kayole, na papo hapo saratani ya Chuka inageuka kuwa saratani ya Nairobi. Karani asipouliza mama huyu ameishi wapi miaka yote, Tharaka-Nithi itaonekana haina ugonjwa. Na kaunti inayoonekana haina ugonjwa haipati daktari, haipati mashine, haipati bajeti.

Kwa miaka mingi, dunia ilipotaka kukadiria saratani ya Kenya ilitegemea takwimu za Nairobi na Eldoret. Kadirio la mwaka 2020 lilikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000 kwa mwaka. Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya tulikuwa ndani ya hesabu hiyo kwa kubahatishiwa. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipitishwa mwaka 2012, ikaunda taasisi ya taifa na kuagiza rejista. Meru na Embu nazo zikaingia katika mtandao wa rejista za taifa. Kwa hiyo karani ninayemsema yuko hapa kwetu. Sitamtaja kwa jina kwa sababu si mtu wa hadharani, lakini yeye ndiye wa kwanza ninayemvulia kofia leo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao watu wa Meru hawahitaji kuelezwa na mtu wa mbali, nao ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Familia nyingi zinaujua kwa mwendo wake. Baba anaanza kuacha githeri, anasema mahindi yanamkwama. Baadaye anaacha nyama. Anahamia uji. Siku uji nao unapogoma ndipo anapelekwa hospitali, na wakati huo daktari hana la kufanya zaidi ya kumwekea mpira wa kupitisha chakula na kumpunguzia maumivu. Nchini Kenya saratani hii ni miongoni mwa zinazoua watu wengi zaidi, na wanaokufa kwa mwaka wanakaribia kulingana na wanaougua. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kinga ndiyo dawa kubwa.

Sasa mtajo mwingine: Diana Menya, mtaalamu wa takwimu za magonjwa wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Akishirikiana na Valerie McCormack wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, aliongoza kazi ya kuwahoji wagonjwa wa umio zaidi ya 400 na idadi karibu sawa na hiyo ya watu wasiougua. Maswali yalikuwa ya maisha ya kawaida kabisa. Ulikunywa nini ujanani? Chang'aa? Busaa? Ulivuta, ulinusa ugoro, ulitafuna tumbaku? Chai yako ulikuwa unainywa ikiwa moto kiasi gani? Majibu yalionyesha kwamba pombe, zikiwemo hizo za kienyeji, zinaongeza hatari, na kwamba wanaokunywa chai ikiwa moto sana wamo hatarini kuliko wanaoisubiri ipoe. Shirika lile la Lyon lilikuwa limekwisha kutangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya joto la juu ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kuhusu tumbaku halina tena neno "huenda". Ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna, zote limeziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka.

Nasisitiza hilo la ugoro kwa sababu katika milima yetu una heshima yake. Mzee hutoa kijipochi, akamkaribisha mwenzake, na mazungumzo yakaanza. Najua ni desturi ya ukarimu. Ila kijana anayemtazama babu yake anajifunza kwamba tumbaku isiyo na moshi haina neno, na hayo si kweli.

Kabla sijafika kwa vijana, nipite Thika, maana kila anayetoka Meru au Embu kwenda Nairobi hupita pale. Thika ni mojawapo ya vituo ambavyo Nelly Mugo na Elizabeth Bukusi wa KEMRI, pamoja na Ruanne Barnabas, walifanyia utafiti wa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20, wa Thika, Nairobi na Kisumu, walijitolea. Mwaka 2022 ikachapishwa habari kwamba dozi moja tu inatoa kinga ya zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za virusi vilivyo hatari zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja. Fikiria nchi maskini ambayo ilikuwa inunue dozi mbili kwa kila msichana, sasa inaweza kuwachanja wasichana mara mbili ya hao kwa pesa zile zile. Wasichana wa Kenya waliufundisha ulimwengu jambo hilo, na sidhani kama yuko mtoto wa shule ya msingi Embu aliyewahi kulisikia darasani.

Haya, tuje kwa vijana na sigara.

Simama jioni karibu na kioski chochote cha stendi, Maua, Ishiara, Siakago, popote. Angalia dirisha lenye wavu. Mbele kabisa kuna mkebe wa peremende na bablish. Kando yake kuna pakiti ya sigara iliyokwisha kufunguliwa, na kwenye wavu kuna kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Mtoto anayetumwa sukari ananyoosha mkono wake hapo hapo. Akitaka sigara hahitaji pesa ya pakiti nzima, sarafu chache zinamtosha kupata moja na kuiwasha papo hapo. Kiberiti kile cha kamba ndicho kinachonikera kuliko vyote, kwa sababu kipo kwa ajili ya mtu asiyeweza kwenda na sigara nyumbani. Na asiyeweza kwenda nayo nyumbani, mara nyingi, ni mtoto wa mtu.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza biashara hiyo. Huruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Huruhusiwi kuuza sigara moja moja. Huruhusiwi kutangaza tumbaku. Kenya ilikuwa imesaini na kuridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004, jambo ambalo nchi chache zilifanya. Lakini sheria hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitegemea watu waliokwenda shuleni na kuuliza.

Uchunguzi wa tumbaku kwa vijana ulifanyika katika shule za Kenya mwaka 2001, 2007 na 2013. Shule huchaguliwa kwa bahati nasibu, darasa nalo kwa bahati nasibu, na mwanafunzi hujaza majibu bila kuandika jina, mwalimu wake akiwa hayupo. Huo ndio ufundi wenyewe. Mtoto wa miaka 14 hatakiri mbele ya mwalimu wa nidhamu kwamba anavuta. Mwaka 2013 majibu yalisema asilimia 9.9 ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wanatumia tumbaku ya aina fulani: wavulana 12.8, wasichana 6.7. Katika darasa la wanafunzi 40, hao ni karibu wanne. Na uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba umri mdogo kabisa wa kuonja tumbaku nchini ni miaka 6. Huyo bado hajang'oka meno ya utotoni.

Jane Ong'ang'o wa KEMRI, Lawrence Ikamari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Susan Kaai, aliye katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, walikuwa miongoni mwa walioendesha uchunguzi mwingine mkubwa, wa kuwafuata watumiaji wa tumbaku nyumba kwa nyumba, mwaka 2012 na tena 2018, ili kuona kama sheria inafanya kazi. Wakati huo huo serikali ilikuwa mahakamani. Kanuni za mwaka 2014, zilizoleta picha za kutisha kwenye pakiti na kuwadai watengenezaji mchango wa asilimia mbili, zilipingwa na kampuni ya sigara ya BAT hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 26 Novemba 2019 majaji waliitupa rufaa hiyo. Mawakili walitetea vizuri, na wanastahili pongezi. Lakini wakili hana la kusema bila takwimu, na takwimu ni za watu walioshinda juani wakibisha hodi.

Na sasa mambo yamehama. Mwulize mwalimu yeyote wa sekondari kuhusu vile vifuko vidogo vyeupe vya nikotini. Mwanafunzi anakibana kati ya mdomo na ufizi, kina ladha ya mnanaa, hakina moshi wala harufu, na anakaa nacho darasani mwalimu akifundisha. Aina moja iliyoitwa Lyft iliondolewa sokoni mwezi Oktoba 2020 kwa amri ya waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, kwa sababu ilikuwa imesajiliwa kama dawa kinyume cha sheria. Mwaka 2022 ikarudi kwa jina la Velo. Nikotini inamkamata kijana haraka kwa sababu ubongo wake bado unajengeka, na aliyekamatwa akiwa na miaka 15 ndiye mteja wa miaka 30 ijayo. Mswada uliopelekwa Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma unataka bidhaa hizi mpya ziwekwe chini ya sheria ya tumbaku. Wazazi wangu, ufuatilieni mswada huo kama mnavyofuatilia bei ya majani chai.

Hapa najua kuna msikilizaji wa Igembe au Mbeere anayesema moyoni: ameanza na sigara, atamalizia na miraa na muguka, majani yetu ya kutafuna. Namuelewa. Mwezi Mei 2024, kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka, ni Mahakama Kuu ya hapa Embu iliyosimamisha marufuku hayo, na watu wa Mbeere walishangilia, kwa kuwa karo ya watoto wao inatoka humo. Tangu hapo mtu akija na hojaji kuuliza habari za afya anatazamwa kama jasusi wa kuja kuua soko. Siamini hivyo, na naomba tusiamini. Jambo moja ambalo kila mtu wa stendi analijua ni kwamba jani na sigara hukaa mkono mmoja. Kijana anaanza kutafuna, na mchana unapokwenda anaitisha sigara, kisha nyingine. Tukimzuia mtafiti kuuliza kuhusu jani kwa hofu ya soko, tunamzuia pia kutuambia sigara ngapi zinaingia kwa mlango huo huo.

Mkulima wa tumbaku naye simlaumu hata kidogo. Tumbaku ilifika Mbeere na sehemu za chini za Meru ikiwa na ahadi: mbegu za mkopo, mbolea ya mkopo, na mnunuzi wa hakika. Mwana wa Meru, Wilfred Murungi, aliianzisha kampuni ya sigara ya Mastermind miaka ya 1980, ikasimama kushindana na BAT, na wengi waliona fahari. Kilichokuwa kinakosekana ni hesabu ya jasho, na hapo ndipo nafika kwa Peter Magati, mwanauchumi. Yeye, pamoja na Jeffrey Drope, Raphael Lencucha na wengine, waliketi na mamia ya wakulima wa tumbaku nchini na mwaka 2016 wakatoa matokeo. Mkulima akiulizwa faida yake, hutaja pesa alizopokea baada ya kampuni kukata mkopo. Magati akauliza zaidi. Nani alipalilia kitaluni? Nani alikata kuni? Nani alikesha akitunza moto wa kukaushia? Mke, watoto, na shangazi aliyekuja kusaidia. Walipoweka bei kwenye siku hizo za kazi, wengi wa wakulima walikuwa wanapata hasara. Walikuwa wanailipa kampuni kwa nguvu za watoto wao.

Na watoto hao hawakuvuta hata pafu moja. Jani bichi la tumbaku likilowa umande hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mtoto anayelichuma alfajiri hurudi nyumbani na kizunguzungu na kutapika, mama anadhani ni malaria. Ukizungumzia vijana na tumbaku ukamsahau huyo, umemsahau aliye karibu nayo kuliko wote.

Jacob Kibwage na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maseno walianza mwaka 2006 kujaribu mianzi badala ya tumbaku kule Nyanza Kusini. Tangu 2022 kaunti ya Migori ina mpango wa mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, ya afya, chakula na kilimo, unaowapa wakulima maharage yenye madini mengi ya chuma pamoja na mkopo na, muhimu kuliko vyote, soko la kuyauza. Mkulima wa Mbeere haoni sababu ya kuambiwa aache tumbaku na mtu asiyemwonyesha mnunuzi. Ndengu inakubali kule, kunde, mbaazi na mtama pia, hili kila mtu analijua. Bei ndiyo humkimbia.

Kwa hiyo nikiulizwa tuwaheshimu vipi watafiti hawa, sina haja ya kombe wala nishani, ingawa nishani nayo si mbaya, na Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014 inautambua usomi na utafiti. Nataka karani wa rejista wa Meru na wa Embu awe na ajira ya kudumu katika bajeti ya kaunti, asiwe mtu wa mradi unaokwisha mfadhili akiondoka. Nataka Chuo Kikuu cha Embu, Chuka, cha Kimethodisti na kile cha sayansi pale Nchiru viwape wanafunzi wao kazi ya kufanya utafiti wa umio hapa hapa, maana maswali ya Diana Menya yaliulizwa Eldoret, na sisi tuna chai yetu, ugoro wetu na majani yetu. Nataka afisa wa afya ya umma akipita stendini aulizie kile kiberiti cha kamba.

Na ule mchango wa asilimia mbili ambao Mahakama ya Juu ilisema ulipwe, sheria inataka fedha za hazina ya kudhibiti tumbaku ziende kwenye utafiti, elimu na kuwasaidia watu kuacha. Wawakilishi wadi wa Mbeere, Imenti na Tharaka, mnaonisikiliza, swali hili ni lenu kulipeleka Nairobi kwa maandishi: ni kiasi gani kimekusanywa, na sehemu ya kaunti zinazolima tumbaku ni ipi? Mkipata jibu, studio yetu iko wazi mje mlisome hewani.